Mkono wa mtoto usitiwe kwenye plasta

Mama wa Kaloleni, ukitaka kuhifadhi alama ya kiganja na wayo wa mwanao iwe ukumbusho ukutani, sikukatazi. Lakini angalia unamtia mkono ndani ya nini.

Plasta, ule unga mweupe wa kufungia mifupa iliyovunjika, hutoa joto inapoganda. Ikiwa nene, joto laweza kupita digrii 60, na wakati huo mkono hautoki tena. Mwaka wa 2007 huko Uingereza, msichana wa miaka 16 alitia mikono kwenye plasta katika somo la sanaa. Madaktari walilazimika kumkata vidole vinane. Na huyo aliweza kusema anaungua! Mtoto wa miezi miwili hulia tu, nawe utadhani ana njaa.

Mimi naona udongo wa mfinyanzi wafaa zaidi, nao si mgeni kwetu. Akina mama wa Kijaluo wamefinyanga vyungu tangu zamani. Tandaza kipande kinene kama kidole, bonyeza mguu, uutoe mara moja, kisha umwoshe mtoto kwa sabuni. Kikaushe kivulini siku kadhaa kabla ya kukichoma, kwani kikiwa na unyevu kitapasuka motoni. Wayo ukitoka mdogo usishangae, udongo hunywea. Ukipenda plasta, imimine ndani ya alama hiyo, mtoto akiwa mbali.

Kama kitovu hakijapona, ngoja. Udongo huweza kuwa na viini vya pepopunda.