Modi si Neno la Kukaririwa

Wapo walimu wenzetu wanaoshikilia kwamba historia ya kale haina nafasi katika somo la takwimu. Eti tunapoteza kipindi. Hatukubaliani nao hata kidogo. Mwanafunzi wao hukariri kuwa modi ni namba inayojitokeza mara nyingi zaidi. Akiulizwa ina kazi gani, hunyamaza.

Katika majira ya baridi ya mwaka 428 K.K., watu wa Plataea, huko Ugiriki, walikuwa wamezingirwa kwa ukuta uliojengwa na adui zao, na chakula kikiwaishia. Ili watoroke walihitaji ngazi zenye kimo cha ukuta ule, wala hawakuweza kuusogelea wakaupima. Mwanahistoria Thucydides asimulia kwamba wengi wao walizihesabu safu za matofali (kozi, wasemavyo mafundi wetu) pale ambapo lipu haikuenea, tena wakarudia mara nyingi. Wengine wangekosea, lakini wengi wangepatia. Kutokana na unene wa tofali, wakakadiria kimo.

Idadi ya kozi hakuiandika. Basi na tutunge yetu. Watu watano wamehesabu 40, 40, 40, 39 na 31. Wastani, huo tunaousifu mno darasani, ni 38: ngazi imepungua kozi mbili kwa makosa ya wawili, hasa yule mzembe wa mwisho. Modi ni 40.

Kwa ngazi zao, watu 212 waliuvuka ukuta wakafika Athens.