Mti Unaohesabu Baridi



Mwanafunzi mmoja aliniuliza hivi: «Mwalimu, ule mtofaa ulioletwa kutoka Ulaya, mwaka wa saba huu unatoa majani tu. Baba anataka kuukata. Je, udongo wetu ni mbaya?» Nalimjibu: udongo hauna kosa; kinachokosekana ni baridi.

Huenda mtacheka, maana tumezoea kudhani kwamba baridi ni adui wa kila kinachoota. Lakini utazameni mti huo kwao, kama vile Haspengouw, nchi ya matunda huko Ubelgiji. Maua ya mwaka ujao huanza kuumbwa wakati wa joto, ndani ya matumba madogo. Kisha majani hupukutika, na mti hulala. Muumba ameulinda usidanganywe na siku chache za jua katikati ya Januari: usingizi wake hauondolewi na joto, bali na baridi yenyewe, kidogo kidogo. Mitofaa mingi hudai saa zipatazo 1,000 za baridi iliyo kati ya digrii 0 na 7. Hesabu ikiisha kutimia, ndipo joto la Machi na Aprili huyafungua matumba. Isipotimia, mti huamka vibaya: ua moja huku, jingine huko, au hakuna kabisa. Nasi hapa Kivu, hata Bukavu penye mita 1,500 hivi, ni mara chache sana usiku kufikia baridi hiyo.

Wala wenzetu wa Ulaya hawana raha. Joto likiwahi, maua hutoka upesi, kisha jalidi ya usiku mmoja huyateketeza. Kwa digrii 2 chini ya sifuri hufa machache. Kwa digrii 4, karibu yote. Ndivyo walivyopata hasara Wabelgiji katika Aprili 2017, na Wafaransa katika Aprili 2021, wakulima wakikesha na kuwasha mishumaa mikubwa kati ya safu za miti.

Na yule baba? Nalimwomba asubiri. Huko Batu, katika kisiwa cha Java, pasipo majira ya baridi, wakulima huondoa kwa mikono majani yote ya mitofaa baada ya mavuno, mti usipate kuzama katika usingizi mzito. Nao huchanua tena, hata mara 2 kwa mwaka. Ni kazi ya kuchosha, lakini haihitaji fedha. Iko pia aina iitwayo Anna, iliyopatikana Israeli, inayotosheka na saa 300 hivi.

Shoka limerudishwa ghalani. Majani tutayaondoa mwezi ujao, mimi na wanafunzi.