Tuliwatuma Bila Kuwawekea Mikono



Neno la leo lina makali. Ukinuna, nuna, lakini soma hadi mwisho.

Kila mwaka tuna Jumapili ya Misheni. Tunavaa fulana za rangi moja, tunatundika bango lenye ramani ya dunia, tunachanga, tunakodisha basi. Siku nne tunahubiri kijijini kwa watu, tunapiga picha na watoto wao, kisha tunarudi sauti zimekauka. Hata mimi nimo kwenye hizo picha, tena mbele kabisa. Safari hizo zina matunda na sitazipinga. Lakini wakati tunalitundika lile bango, wamisionari wetu wengine wako ng'ambo tayari, na hakuna aliyewaombea walipoondoka.

Ni akina nani? Unamkumbuka yule dada wa kwaya aliyekuwa akiimba sauti ya pili? Ulidhani amehama kanisa. Hakuhama. Yuko Riyadh, analea watoto wa watu na kufua nguo za watu. Kuna kijana wetu Doha, analinda mlango wa duka. Kuna mama wetu Dubai, anasafisha vyumba vya hoteli. Kanisa letu dogo lina watu katika nchi tatu, na bado kila Ijumaa kwenye kesha tunalia Mungu atufungulie mlango wa mataifa!

Acha nikiri yangu kwanza. Yule dada alikuja kuniaga siku ya katikati ya wiki. Nilikuwa na kikao. Nilimwambia, "Mungu akutangulie," nikafunga mlango. Baada ya hapo habari zake zilinifikia kupitia kwa mweka hazina: zaka yake ilikuwa inaingia kila mwezi. Nikamsifu madhabahuni kama mtoaji mwaminifu. Lakini sikujua jina la mwajiri wake. Sikujua kama pasipoti yake iko mkononi mwake au imefungiwa kabatini mwa bosi. Na watoto wake wawili, aliowaachia nyanya yao, wanaishi hapa nyuma ya steji, dakika tano kwa miguu kutoka kanisani. Mkubwa alikuwa amekaa nyumbani muhula mzima kwa sababu ya karo. Zaka ya mama yake ilikuwa kwenye akaunti yetu.

Mtu wa Mungu, tuliza roho usome Matendo 13. Kanisa la Antiokia lilifunga, likaomba, likawawekea Barnaba na Sauli mikono ndipo wakaondoka. Fungua Wafilipi 4 uone pesa zilikuwa zinaelekea wapi. Kanisa ndilo lililomtumia Paulo msaada, tena zaidi ya mara moja. Sisi tumegeuza bomba. Aliye mbali peke yake ndiye anayetulisha, na hatumpigii hata simu.

Najua utaniambia, "Pasta, hao walienda kutafuta pesa. Hawakuenda kuhubiri."

Na hilo kanisa la Antiokia unafikiri lilianzishwa na nani? Soma Matendo 11. Lilianzishwa na watu waliokimbia mateso, wakafika mji wa ugenini, wakamsema Yesu kwa Wayunani. Majina yao hata hayakuandikwa. Na ni nani aliyemwelekeza Naamani kwa nabii? Msichana wa kazi nyumbani mwake. Naye jina lake hatulijui.

Wewe unayejiita Mpentekoste, jua pia historia yako. Lucy Farrow alizaliwa mtumwa Virginia, Marekani. Mwaka 1905 alikuwa yaya nyumbani mwa mhubiri Charles Parham. Mwaka 1906, moto wa Azusa ulipokuwa unawaka Los Angeles, alikwenda kumsaidia William Seymour, na watu walijazwa Roho alipowawekea mikono. Kisha akavuka bahari kwenda kuhubiri Liberia. Alikuwa yaya, mpendwa! Leo yaya wetu akiingia kanisani tunamwelekeza kiti cha nyuma akabembeleze mtoto wa mwenyewe.

Lakini msikilize pasta vizuri, mtu asije akapotosha neno hili. Usimwambie dada anayepigwa na kunyimwa mshahara kwamba huo ndio mpango wa Mungu ili avune roho. Yule msichana wa nyumba ya Naamani alitekwa, na Mungu kumtumia hakukufanya utekaji uwe halali. Anayeteswa atafutiwe njia ya kurudi nyumbani, na sisi tuwe wa kwanza kubisha kwenye ofisi za serikali. Wala usikae hapa na chai yako ya maziwa ukimsukuma mtu aliye Saudia agawe vijitabu. Huko hakuna jengo la kanisa, na kuhubiri hadharani kunaweza kumfunga mtu jela. Acha aishi wokovu wake kwa hekima anayopewa na Roho. Anayeamka saa kumi alfajiri kuomba chumbani kwake akiwa amechoka hivyo hahitaji kufundishwa na sisi bidii.

Kwa hiyo tunabadilisha mambo. Anayesafiri ataitwa mbele Jumapili, tutamwekea mikono. Kabla ya hapo wazee watausoma mkataba wake pamoja naye, na tutabaki na nakala ya pasipoti, namba ya wakala na anwani ya mwajiri. Atapewa mtu mmoja wa kumpigia kila wiki. Watoto anaowaacha ni watoto wa kanisa: karo yao itatoka kwenye sadaka ya misheni kabla hatujalipa basi. Na akirudi, hata akirudi bila kitu, atapewa maikrofoni. Paulo na Barnaba waliporudi, Antiokia ilikusanyika ikawasikiliza.

Injili ya mtaani nayo iko hapohapo. Jirani wa nyanya yule ameona tukipita na spika yetu miaka na miaka. Siku atakapotuona tukibeba unga na karo kwenda mlango ule, hatauliza tena tunahubiri nini.

Kama una ndugu Ghuba, usiandike jina lake hapa, kwa usalama wake. Niandikie kwa faragha, nianze kumpigia wiki hii.

Baba, tusamehe. Tulipokea zaka zao, tukasahau majina yao. Walinde usiku huu, uwape kibali mbele ya waajiri wao, na yule aliyefungiwa mlango, umfungulie. Katika jina la Yesu.

Amina.