Baba akihamia Nakonde, bima yake inabaki Tunduma

Mzee akistaafu Vwawa na kuhamia kwa mwanawe Nakonde, tunafunga magunia na godoro, bima tunaisahau. Kadi ya NHIF humtibu mstaafu na mwenza wake katika vituo vilivyosajiliwa hapa nchini. Akivuka mpaka, atalipa kwacha mkononi. Zambia ina bima yake, NHIMA, chini ya sheria ya 2018.

Kabla ya safari, mpelekeni ofisi ya NHIF aulize haki zake. Ombeni hospitali maelezo ya ugonjwa na dawa zake, kwa Kiingereza. Mwenyeji wake aulize NHIMA kama mzee anaweza kuandikishwa.

Kwa kliniki ya presha anaweza kurudi Tunduma. Kiharusi cha usiku hakisubiri foleni ya mpakani. Wekeni akiba ya dharura.