Nyimbo za Mbilia Bel zina kazi redioni

Kuna wanaotuambia redio isipige nyimbo za mapenzi wakati watu waliokimbia vita wanalala kambini. Wanataka habari za usalama tu. Mimi sikubaliani nao.

Chukueni Mbilia Bel, mzaliwa wa Kinshasa. Alianza akiwa msichana katika kundi la Abeti Masikini, na mwaka 1981 akaingia Afrisa International ya Tabu Ley Rochereau. Sauti yake laini ilifika hata huku mashariki. Nakei Nairobi, maana yake ninaenda Nairobi, wamama wanaijua mpaka leo. Lakini wimbo ninaoutetea hapa ni Mpeve ya Longo, Roho Mtakatifu. Wengi wanaucheza bila kujua unasema nini, sababu jina lake ni la Kikongo, na kwetu Ituri wanaokijua ni wachache. Ni mwanamke aliyeachwa na mume, amebaki kulea watoto peke yake. Wamama wangapi kambini wako hivyo? Mume alitangulia kutafuta kazi kwenye machimbo ya dhahabu, hakurudi. Habari za usalama hazimtaji huyo mama hata siku moja.

Watangazaji wenzangu, msiuweke wimbo huo kujaza nafasi tu, na kuukata katikati. Elezeni kwanza maneno yake kwa Kiswahili, dakika mbili zinatosha, ndipo muupige mpaka mwisho. Bei ya unga na hali ya barabara ya Kasenyi zitasomwa saa yake, kama kawaida.