Mgeni Ameandika Kushindwa Kwake. Sisi Wenyeji Tumeandika Nini?



Kitabu cha Ernesto Che Guevara juu ya vita vya mwaka 1965 mashariki mwa nchi yetu kinapita mikononi mwa watu hapa Kolwezi, na kila kinapopita huacha mabishano nyuma yake. Tumeyasikia mabishano hayo katika vyumba vya walimu, katika mikutano ya jumuiya zetu, na nje ya kanisa baada ya Misa. Wengine husema kwamba mgeni yule alikula ugali wetu kisha akatutukana kwa kalamu. Wengine, hasa vijana, humwona kuwa shujaa asiye na doa. Huvaa sura yake kifuani ijapokuwa hawajafungua hata ukurasa mmoja wa maandishi yake. Wengine tena, hasa wazee, huuliza kuna faida gani kufukua makaburi. Sisi tunaona kwamba kila kundi limeshika kipande cha ukweli. Lakini makundi yote matatu yanalipita swali ambalo kitabu hicho kinatuwekea mlangoni, nalo linatuhusu sisi wenyewe kuliko linavyomhusu yeye.

Kwanza tukumbushane mambo yalivyokuwa. Tarehe 24 Aprili 1965 Guevara na kundi dogo la Wakuba walivuka Ziwa Tanganyika kutoka Kigoma, wakatua Kibamba, katika nchi ya Fizi. Walikuja kuwasaidia wapiganaji wa Simba waliokuwa wakipigana na serikali ya Moïse Tshombe, mtu ambaye Kolwezi inamfahamu vizuri, kwa kuwa mji huu ndio uliokuwa ngome yake ya mwisho Katanga ilipojitenga, hadi Januari 1963. Kati ya Wabantu na Wakuba yule mgeni aliitwa Tatu, jina la hesabu tu, ili asijulikane. Mwezi Juni Leonard Mitudidi, kiongozi aliyekuwa ameanza kuweka utaratibu kambini, alizama ziwani. Tarehe 29 Juni shambulio juu ya kituo cha umeme cha Bendera, mahali palipoitwa Front de Force, lilishindwa vibaya. Wakuba wanne waliuawa, na daftari ya mmoja wao ikawafunulia maadui kwamba Wakuba wamo nchini. Laurent-Désiré Kabila, aliyekuwa mkuu wa eneo lile, alifika mwezi Julai, akakaa siku chache, akaondoka. Baadaye askari wa kukodiwa wa Mike Hoare waliteka Baraka na Fizi. Tarehe 21 Novemba Wakuba walivuka ziwa kurudi Tanzania, na siku tatu baadaye Mobutu alitwaa madaraka.

Guevara alikiandika kitabu chake mjini Dar es Salaam, katika ubalozi wa Kuba, baada ya kushindwa huko, akitumia kumbukumbu alizoandika porini. Msomaji na alizingatie jambo hilo: si shajara ya siku kwa siku, bali ni hesabu iliyofanywa baada ya kazi kuharibika. Hakikuchapishwa chote hadi mwaka 1999, wakati Kabila alikuwa Rais wa nchi. Na tangu mwanzo wake mwandishi anatangaza bila kuficha kwamba anasimulia kushindwa.

Sasa tuyapime maoni ya wasomaji.

Wanaosema kwamba alitutukana wana sababu. Ameandika juu ya wapiganaji waliokimbia kabla ya kumwona adui, waliofyatua risasi wakiwa wamefumba macho, na juu ya wakuu waliokaa mijini ng'ambo ya ziwa huku watu wao wakikosa viatu. Ameandika juu ya dawa ya mganga, iliyosemekana kumkinga mtu na risasi ili mradi asiibe, asiguse mwanamke na asiogope. Aliyekufa alihesabiwa kuwa amevunja mwiko, na hakuna aliyeweza kuuliza zaidi. Maneno hayo yanachoma, hasa yanapotoka kwa mtu wa mbali. Hata hivyo tunawaomba waliokasirika wasome hadi mwisho. Mwishoni Guevara anajishtaki mwenyewe. Anakiri kwamba hakujitahidi kujifunza Kiswahili upesi na vizuri. Alijua Kifaransa, na Kifaransa kilimtosha kuzungumza na wakuu. Lakini kilimtenga na askari wa kawaida. Hakukosa mwalimu: kijana wetu Freddy Ilanga alipewa kazi ya kumfundisha, na baadaye kijana huyo alikwenda Kuba na kuwa daktari huko.

Sisi tuliopewa kazi ya kufundisha tunaliona jambo hilo kuwa kiini cha kitabu. Mtu anayesema na wakubwa tu, kwa lugha ya wakubwa, atawaona wadogo lakini hatawasikia. Mfano wake umo humo humo kitabuni. Anasimulia kwa uchungu kwamba wapiganaji walikataa kubeba mizigo, wakisema wao si magari. Yeye aliona uvivu. Lakini msomaji wa Kongo anayeijua historia ya babu zake atasita kidogo. Kabla reli ya kutoka Matadi hadi Kinshasa haijakamilika mwaka 1898, mizigo ya wakoloni ilipandishwa juu ya vichwa vya watu. Mwaka 1916, jeshi la kikoloni lilipokwenda kuteka Tabora, wapagazi wetu walichukuliwa kwa maelfu, na wengi hawakurudi. Katika nchi ya namna hiyo, mtu anayesema "mimi si gari" huenda ni mvivu. Huenda pia anatamka neno la kwanza la uhuru wake. Hatusemi kwamba hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa kila mmoja. Tunasema kwamba mgeni hakuweza kuuliza, na sisi tunaoweza kuuliza hatujauliza.

Tuje kwa vijana wanaompenda. Hatuwakatazi kuheshimu ujasiri. Waziri aliyeacha cheo na nyumba, akaenda kulala kwenye matope pamoja na maskini wa nchi nyingine, si mtu wa kudharauliwa. Lakini kitabu chenyewe kinakataa kufanywa sanamu. Mwandishi anasema alishindwa, na anaeleza jinsi alivyowajia viongozi wa Kongo bila kuwaomba ruhusa kwanza kwamba aje yeye mwenyewe. Tena tusisahau kwamba mtu huyo huyo, katika ujumbe uliochapishwa Aprili 1967, aliisifu chuki kuwa nguvu ya mapambano. Hapo sisi hatuwezi kumfuata. Nchi ya Fizi aliyoikanyaga ilikuwa imekwisha kuonja matunda ya chuki. Tarehe 28 Novemba 1964, miezi mitano kabla hajafika, waliuawa huko Baraka na Fizi mapadri Giovanni Didonè na Albert Joubert, pamoja na Padri Luigi Carrara na Bruda Vittorio Faccin. Kanisa limewatangaza Wenye Heri mjini Uvira tarehe 18 Agosti 2024. Walioua walikuwa watu wa mapinduzi yale yale aliyokuja kuyasaidia. Kijana anayevaa sura ya Guevara na ajifunze pia majina hayo manne, kisha apime mwenyewe.

Wanabaki wazee wanaosema tusifukue makaburi. Hofu yao tunaielewa, maana waliona. Lakini kunyamaza hakuzuii historia isiandikwe. Kunawaachia wengine kuiandika. Tazameni mji wetu huu. Tarehe 13 Mei 1978 wapiganaji waliotoka Angola waliingia Kolwezi. Tarehe 19 askari wa miavuli wa Ufaransa walishuka kutoka angani. Miaka miwili baadaye sinema ya Kifaransa ilikwisha kutolewa juu ya kuruka kwao. Ulimwengu unalijua jina la Kolwezi kwa sababu ya miavuli ile, na siku hizi kwa sababu ya shaba na kobalti. Lakini mama aliyejificha na watoto wake chini ya kitanda kule Manika siku zile, na aliyetoka kutafuta maji, alimwona nani njiani? Nani alimzika nani, na wapi? Watoto wetu shuleni wakitaka kujua hayo, tutawapa kitabu gani?

Hilo ndilo swali tulilosema limewekwa mlangoni petu. Mgeni alikaa kwetu miezi saba, akashindwa, akaketi kuandika kwa nini ameshindwa, na katika orodha ya wenye makosa akalitia jina lake. Sisi tumekaa hapa daima. Tumeona Katanga ikijitenga, tumeona Simba, tumeona mwaka 1978, tumeona watu wakifukuzwa kwa sababu ya kabila katika miaka ya 1990. Viongozi wetu wametuachia hotuba nyingi. Hesabu ya makosa yao, iliyoandikwa kwa mikono yao wenyewe, ni nadra kuliko maji ya kiangazi. Ndiyo maana tunamkasirikia mgeni: tunakasirika kwamba kitabu ni kimoja. Dawa ya kitabu kimoja si kukichoma, bali ni kuandika cha pili.

Basi tunatoa pendekezo dogo, ambalo halihitaji fedha nyingi. Kila jumuiya inunue daftari moja. Vijana wawili wa sekondari, wanaojua kuandika vizuri, waketi na mzee mmoja au mama mmoja, kwa lugha ile anayoipenda yeye: Kiswahili, Kisanga, Kiluba, Kindembo, Kichokwe. Waandike tarehe na mahali. Waandike alichokiona kwa macho yake upande mmoja, na alichokisikia kwa watu upande mwingine, bila kuvichanganya. Wasiandike jina la jirani kuwa muuaji kwa uvumi. Neno la namna hiyo linaweza kuua tena, na daftari si mahakama. Mwishoni wamwulize swali ambalo Guevara alijiuliza mwenyewe: katika yale yote, sisi tulikosea wapi? Mzee akikataa kujibu, waache nafasi tupu. Nafasi tupu nayo ni ushuhuda.

Haraka inahitajika. Aliyekuwa na miaka 15 wakati Wakuba wanavuka ziwa sasa amepita miaka 70. Aliyekuwa kijana mwaka 1978 ni babu leo. Kila mwezi tunawasindikiza baadhi yao makaburini, na tunaporudi tunasema tumempoteza mzee, wala hatutaji kwamba tumezika pamoja naye kurasa ambazo hakuna mwingine aliyezisoma.

Sisi Wakristo tumefundishwa kuchunguza dhamiri kabla ya kulala. Zoezi hilo linaanza na kweli, hata kweli ile inayotuaibisha, na halimruhusu mtu kuungama dhambi za jirani. Taifa nalo lina dhamiri, na haliwezi kuichunguza kwa kusoma maungamo ya mgeni peke yake. Someni kitabu hicho, ndugu wasomaji. Bishaneni juu yake kwa heshima. Kisha nunueni daftari.