Kufungiwa bila Kusikizwa: Mchezaji, Mashine na Haki

Wahenga walinena kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani. Methali hii ina sharti ambalo enzi hizo halikuhitaji kutajwa: mshindani alimjua aliyemshinda na alijua ameshindwa kwa njia ipi. Katika michezo ya intaneti ya karne hii ya ishirini na moja, sharti hilo limevunjika. Kijana wa Maua au Runyenjes hufungua rununu yake alfajiri, akaingiza nywila, na tahamaki akaunti aliyoijenga kwa miaka miwili haifunguki tena. Ujumbe mfupi wa Kiingereza humwarifu kwamba amekiuka masharti. Ni masharti yapi, aliyakiuka lini, na kwa ushahidi gani, haelezwi. Marafiki aliocheza nao, vifaa alivyovinunua kwa pesa za simu na cheo alichokihangaikia usiku wa manane, vyote huwa vimekwenda na maji.

Swali linalozuka ni hili: je, huo ni uamuzi wa haki? Wapo wanaojibu upesi kwamba mdanganyifu amevuna alichopanda, na wapo wanaojibu upesi vilevile kwamba makampuni ya ng'ambo ni dhalimu. Majibu yote mawili yana upungufu. Kampuni ina haki ya kuwakataza wachezaji kutumia mashine badala ya mikono yao, na makatazo hayo yana manufaa. Hata hivyo, kumfukuza mtu kwa ushahidi uliokusanywa kwa siri, bila kumweleza kosa wala kumsikiliza, si haki. Wazee wa Meru na Embu walilijua hilo kabla ya tarakilishi kubuniwa, na sheria ya Kenya inalitambua leo.

Yafaa kuanza na chanzo cha udanganyifu wenyewe. Skripti ni msururu wa amri zinazoandikwa ili tarakilishi au rununu itende jambo bila mkono wa binadamu: kubofya, kuvuna, kupigana, kujibu salamu, kisha kurudia tena na tena hadi asubuhi. Skripti hazikuzuka kwa uvivu wa vijana pekee. Mfano ulio bayana ni FarmVille, mchezo wa ukulima uliozinduliwa na kampuni ya Zynga kwenye Facebook mwezi Juni mwaka 2009 na kufungwa Desemba 31 mwaka 2020. Mwaka 2010 ulikuwa na wachezaji zaidi ya milioni 80 kwa mwezi. Mchezaji alilima, akapanda na kungoja kwa saa halisi. Stroberi ziliiva baada ya saa nne, na mchezaji asiporudi kwa wakati zilinyauka shambani. Aliyetaka kuharakisha mambo aliweza kulipa au kuwasumbua marafiki wamsaidie. Si ajabu kwamba baadhi ya wachezaji waliunda programu za kuwavunia mazao wakiwa wamelala.

Mkulima wa majani chai katika miteremko ya Mlima Kenya atashangaa kusikia hayo. Yeye huchuma, akapeleka kwenye kituo cha kununulia, kisha akangoja siku kadhaa machipukizi yatoke tena, na katika siku hizo hupumzika au hushughulikia jambo jingine. Shamba la kwenye kioo halimpi mtu nafasi hiyo. Limebuniwa ili limwite kila baada ya saa chache, kwa maana mwito huo ndio bidhaa inayouzwa. Mchezo unapogeuzwa kuwa kibarua, mchezaji hutafuta kibarua wa kumtendea kazi, na kibarua asiyelala wala kudai mshahara ni skripti.

Linganisha na bao, ambalo Wameru huliita kiothi. Hakuna mchezaji wa bao anayetamani mtu mwingine amsambazie kete, kwa sababu raha ya bao imo katika kuhesabu, kusambaza na kumtega mwenzake. Akiondolewa mkono na akili yake, hana mchezo tena. Mchezo ambao mtu anatamani kuushinda pasipo kuucheza una kasoro katika maumbile yake, na kasoro hiyo ni ya aliyeubuni kabla ya kuwa ya anayeucheza.

Pamoja na hayo, kasoro ya mchezo haiuhalalishi udanganyifu. Mla kwa miwili hana mwisho mwema. Anayetumia skripti katika mchezo wa ushindani humwibia mwenzake ushindi ambao ametumia saa nyingi kuutafuta. Isitoshe, hujiweka mwenyewe hatarini. Programu nyingi za aina hii hupatikana kwa watu wasiojulikana, humtaka mtumiaji awape nywila yake au alegeze ulinzi wa simu, na simu hiyo ndiyo hiyo inayohifadhi akiba yake ya M-Pesa. Mwanafunzi anayepakua skripti ili apate sarafu za bandia anaweza kujikuta amepoteza shilingi za kweli.

Mahakama nazo zimelizingatia suala hili. Nchini Marekani, kampuni ya MDY iliuza programu iliyoitwa Glider, ambayo ilicheza World of Warcraft kwa niaba ya mwenye akaunti. Kampuni ya Blizzard, mwenye mchezo, ilikuwa na programu ya ulinzi iliyoitwa Warden ambayo ilichunguza tarakilishi za wachezaji ili kunasa udanganyifu wa namna hiyo. Mnamo Desemba mwaka 2010, mahakama ya rufani iliamua kwamba mchezaji anayetumia programu kama hiyo huvunja mkataba wake na kampuni, lakini uvunjaji huo pekee si wizi wa hakimiliki. Mwuzaji, kwa upande wake, alipatikana na kosa la kutengeneza chombo cha kukwepa ulinzi. Jambo la kuzingatia ni kwamba MDY ilisikizwa. Ilikuwa na mawakili, ikatoa hoja, ikakata rufaa na hata ikashinda katika sehemu ya hoja zake. Mchezaji wa kawaida hana hata nafasi ya kuuliza swali moja.

Ili kumnasa mwenye skripti, kampuni humfuatilia kila mchezaji, awe mwema au mwovu. Mitambo hupima muda kati ya mbofyo mmoja na mwingine, kwa kuwa kidole cha binadamu hakina mwendo ulio sawa daima. Hutazama ni saa ngapi akaunti imekesha bila usingizi. Huandika anwani ya intaneti, alama za utambulisho za simu na wakati mwingine majina ya programu nyingine zilizomo. Kutokana na hayo, mtambo hukadiria uwezekano wa kosa, na makadirio hayo hugeuka hukumu.

Hapa ndipo mazingira ya Meru na Embu yanapodhihirisha udhaifu wa hukumu hizo. Mtambo uliobuniwa kwa ajili ya jamii ambamo kila mtu ana simu yake na intaneti yake nyumbani hutilia shaka mambo ambayo huku ni ya kawaida kabisa. Ndugu watatu wa Chuka wanaotumia simu moja huonekana kama mtu mmoja mwenye akaunti tatu. Wanafunzi wa bweni moja wanaotumia mtandao mmoja huonekana kutoka anwani moja. Hata wanaotumia data ya simu, kampuni za mawasiliano huwapitisha wateja wengi katika anwani moja ya nje, wasijue kwamba wameunganishwa na watu wasiowafahamu. Kisha kuna simu za mitumba. Baadhi ya michezo hufungia simu yenyewe na si akaunti pekee. Anayeinunua simu hiyo sokoni hurithi hatia ya mtu ambaye hajawahi kumwona. Umaskini na ujamaa hugeuzwa kuwa dalili za wizi.

Aidha, data iliyokusanywa kwa jina la ulinzi haikai katika ulinzi daima. Mwezi Oktoba mwaka 2010, gazeti la The Wall Street Journal lilifichua kwamba programu nyingi mashuhuri za Facebook, FarmVille ikiwemo, zilikuwa zikipitisha nambari za utambulisho za watumiaji kwa makampuni ya matangazo na ya kukusanya data. Mchezaji aliyedhani anapalilia shamba lake alikuwa yeye mwenyewe amepandwa na anavunwa.

Basi haki ingekuwaje? Huko Nchiru, katika kaunti ya Meru, liko hekalu la Njuri Ncheke, baraza kuu la wazee wa Wameru. Jirani yake kimejengwa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru, ambamo vijana husomea uundaji wa programu za tarakilishi. Ujirani huo una funzo. Katika baraza la wazee, kama ilivyokuwa katika kiama cha Waembu, mlalamishi hueleza shtaka lake, mshtakiwa hujitetea, na wazee hutoa uamuzi baada ya kuwasikiliza wote wawili. Mabaraza hayo hayakuwa malaika. Yalikuwa ya wanaume, na sauti ya mwanamke na ya kijana haikuwa na uzito ndani yake. Lakini kanuni ya kwamba mtu hahukumiwi kabla ya kulijua shtaka lake ilikuwa wazi kwa kila mtu, asome asisome.

Kanuni hiyo sasa imo katika sheria iliyoandikwa. Kifungu cha 31 cha Katiba ya mwaka 2010 kinalinda faragha ya kila mtu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, katika kifungu cha 35, inampa mtu haki ya kutowekwa chini ya uamuzi uliofanywa na mitambo pekee iwapo uamuzi huo una athari ya kisheria au unamwathiri pakubwa. Zipo hali ambapo uamuzi wa namna hiyo unaruhusiwa, kwa mfano unapohitajika katika kutekeleza mkataba. Hata hapo, sheria inataka mhusika aarifiwe kwa maandishi, naye anaweza kuomba uamuzi huo ufikiriwe upya. Kifungu cha 33 kinataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kushughulikia data ya mtoto. Kwa mujibu wa kifungu cha 4, sheria hii inayahusu hata makampuni yasiyo na makao nchini, maadamu yanashughulikia data ya watu walioko Kenya.

Mwanasheria wa kampuni anaweza kudai kwamba akaunti ya mchezo ni jambo dogo lisilomwathiri mtu pakubwa. Dai hilo lingekuwa na uzito kama kampuni zenyewe zisingeuza vifaa vya mchezo kwa pesa halisi. Kitu kinachouzwa kwa pesa halisi hakiwi kichezeo cha bure siku ya kunyang'anywa. Wala isidhaniwe kwamba sheria hii ni simba wa karatasi. Mwezi Septemba mwaka 2023, Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza shule moja ya Nairobi faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Lalamiko likiwasilishwa kwa ofisi hiyo, sheria inataka lichunguzwe na kukamilishwa katika muda wa siku 90.

Hoja nzito zaidi dhidi ya maoni haya ni kwamba kueleza sababu ya adhabu kutawafunza wadanganyifu namna ya kujificha. Hoja hiyo haifai kupuuzwa, ila haifiki mbali. Refa wa kandanda haelezi jinsi jicho lake linavyoona. Hulitaja kosa, akaonyesha mahali lilipotendeka, akatoa kadi mbele ya uwanja mzima, na timu isiyoridhika hukata rufaa. Kampuni nayo inaweza kutaja aina ya kosa na tarehe yake bila kufichua siri za mtambo wake. Inaweza kumweka binadamu wa kusikiliza rufaa. Inaweza kurejesha pesa za vifaa ambavyo havijatumiwa pale inapobainika kwamba imekosea.

Lipo pia suala la lugha, ambalo wanachama wa vyama vya Kiswahili vyuoni hawana budi kulivalia njuga. Masharti ya michezo mingi ni kurasa nyingi za Kiingereza cha kisheria ambacho hata mwenye shahada hukisoma kwa taabu. Mtoto wa Siakago hubonyeza neno la kukubali kama anavyofungua mlango. Makubaliano yasiyoeleweka si makubaliano. Kiswahili ni lugha ya taifa na lugha rasmi ya Kenya kwa mujibu wa Kifungu cha 7 cha Katiba, na kina uwezo wa kubeba istilahi hizi zote. Kazi ya kuzitafsiri kwa lugha nyepesi, kuzieleza katika shule za upili na kumwandikia kijana aliyefungiwa barua ya rufaa ni kazi ambayo wanafunzi wa vyuo vikuu vya Meru, Embu na Chuka wanaweza kuianza muhula huu bila kungoja ufadhili wa mtu yeyote.

Anayecheza kwa skripti na aache, kwa sababu ushindi wa mashine si ushindi wake. Naye anayefunga akaunti na aseme sababu, kwa sababu hukumu isiyo na sababu haimfunzi mkosaji wala haimlindi asiye na kosa. Mshindani wa kweli atakubali kushindwa. Anachostahili ni kuambiwa ameshindwa wapi.